Masaa Yako Mawili Yapo Kwangu

Jumatatu, tarehe tisa, mwezi wa tatu

Kwako Kifungo,

Huna haya. Naanza na hilo kabla ya salamu, na Fundi viatu anayeniandikia nimemwambia aliandike kama lilivyo, asilipake asali. Huna haya hata chembe. Mwaka wa pili huu sijauona uso wako, na mlango wangu umeshasahau jinsi unavyoupiga teke ukija umebeba vitu mikono yote miwili. Au unangoja nife, ndipo uje mbio kunililia mimi nisiyesikia? Thubutu. Nitaamka nikuzabe kofi, halafu nilale tena.

Hujambo? Mume wetu hajambo? Na huyo aliyemo tumboni hajambo? Sisi huku wazima. Goti langu linalalamika kama mpangaji, nimeacha kulisikiliza.

Sasa sikia. Mkunga amerudi kutoka huko kwenu alikokwenda kumtazama mwanawe. Nikamwuliza, "Mkunga, hebu niambie, huko ni mbali kiasi gani?" Maana wewe kila siku, mbali Bibi, mbali Bibi. Akasema hajui, alilala tangu alipofungwa mkanda mpaka alipoamshwa ashuke, na saa yake ya mkononi ilikufa zamani, anaivaa kama bangili. Lakini karatasi ya safari anayo. Fundi akaisoma mbele yangu. Ndege imeondoka kwenu saa nne asubuhi. Imetua kwetu saa nne na nusu.

Nikamwambia rudia. Akarudia. Nusu saa!

Kifungo, nusu saa mimi sijamaliza kushindilia pamba kwenye mto mmoja. Nusu saa ndiyo anayoipoteza huyu Fundi kila asubuhi kutafuta miwani aliyoivaa. (Ilitokea mara moja tu. Fundi.) Kutoka hapa mpaka mashine ya kusaga ni mbali kuliko kwako, na kule nakwenda na goti langu hili hili.

Nikataka kujua na kwenda. Fundi akasoma: iliondoka hapa saa nane mchana, ikafika kwenu saa kumi na mbili na nusu jioni. Masaa manne na nusu mazima. Nikalitafuna. Nikaona, aa, ndivyo inavyopaswa. Kumtoa mtu kwao ni kazi, chombo chenyewe kinasita, kinajivuta. Kumrudisha ni mteremko. Hata ndege inajua. Hujui wewe tu.

Usinijibu kwa simu. Simu ninayo, lakini wewe ukitaka kulia unaikata, halafu unasingizia mtandao. Mtandao gani huo unaokatika kila ninapokuuliza, "Unakula?" Barua haikatiki. Andika, umpe mwana wa Mkunga, yeye ana njia zake na watu wanaosafiri.

Na mara ya tatu hii nakuuliza: kitanda cha mtoto kina urefu gani? Pamba nimeshaichambua. Mbegu nimezitoa moja moja kwa kidole, maana mgongo wa mtoto mchanga unaisikia hata mbegu ndogo. Kitambaa cha godoro kipo. Nipe kipimo nikate. Ukikosa futi, pima kwa shibiri. Shibiri zako nazijua.

Bibi yako.
Dole gumba langu hili hapa. Limepinda kwa sababu Fundi alisogeza karatasi.


Jumapili, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa tatu

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, mume wako mzima, anakusalimu. Barua yako niliisomea kazini wakati wa mapumziko, nikacheka mpaka msimamizi akaja kutazama nani kaunguzwa na pasi.

Bibi, natamani ingekuwa nusu saa. Ndege inakuja kwa masaa mawili na nusu, na kwenda ni hayo hayo. Ila saa za huku zimetangulia. Jua linafika kwetu kwanza, kwenu baadaye. Wewe unapofungua mlango saa moja asubuhi, huku ni saa tatu na mimi nimeshakunja shuka mpaka mikono imekufa ganzi. Kwa hiyo mtu akitoka huku kuja kwenu anairudisha saa yake nyuma masaa mawili, na akitoka huko kuja huku anaisogeza mbele. Karatasi ya Mkunga imeandikwa kila saa kwa majira ya mahali pake. Siku ile nilipoondoka, msichana wa kiti cha jirani ndiye aliyenionyesha. Alinishika mkono akanisogezea mshale, mara moja, mara mbili, mimi nikimtazama tu.

Hapa kwenye kufulia nguo, kazi zimezidi. Hoteli mbili mpya zinaleta shuka zao kwetu. Tunasimama wawili wawili kwenye mashine ya kupiga pasi. Shuka inatoka ya moto, mnakamata pembe, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Ndiyo maana ruhusa haipatikani.

Godoro usijisumbue nalo, Bibi. Goti lako hilo. Tutaona mbele ya safari.

Mjukuu wako,
Kifungo


(Karatasi ya pili, ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Fundi, shikamoo. Hii usimsomee.

Mtoto hayupo. Alitoka mwezi wa kwanza, akiwa wa miezi mitano. Mume wangu ndiye aliyeshughulikia kila kitu, mimi sikuweza hata kusimama.

Mwezi wa pili nilikata tiketi nije nimwambie Bibi kwa mdomo wangu. Nilifika uwanjani, nikapanga foleni. Dada wa kaunta akatazama gauni langu. Bado navaa yale mapana, Fundi, sijui kwa nini, siwezi kuyavua. Akaniuliza kwa upole, "Mama, ni ya miezi mingapi? Umekuja na barua ya daktari?" Ndiyo kazi yake, anamwuliza kila mwanamke. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikachukua begi langu nikarudi nyumbani. Mpaka leo sijamjibu.

Nitakuja kwa Bibi na nini? Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mkono mtupu haulambwi. Tafadhali, mwambie pamba aiache kwenye gunia. Tafuta sababu yoyote.

Kifungo


Ijumaa, tarehe tatu, mwezi wa nne

Mwanangu,

Pole. Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikaenda kumalizia kiatu cha mtu, nikarudi. Bado sina jingine. Pole sana.

Ya kwanza nilimsomea yote. Ya pili niliitia mfukoni. Akaniuliza, "Hiyo nini?" Nikasema risiti ya ngozi. Akanitazama, akasema, "Ngozi imepanda bei mpaka inakutoa machozi?"

Sababu nimetafuta kama ulivyoagiza. Nilimwambia nimesikia msimu huu kuna panya wanaopenda magodoro ya watoto, heri asubiri. Akaniambia nikalale. Mimi nashona viatu, mwanangu. Uongo nikiushona uzi unaonekana.

Godoro amelimaliza juzi, bila kipimo. Limetoka dogo, la mistari, lina vifungo sita vyeupe. Amelipandisha juu ya kabati. Jana nilipita kumpelekea ndala zake nikamkuta ameketi nalo mapajani. Hakuwa akishona. Sikubisha hodi, nilirudi.

Mimi sitasema. Hilo niachie. Lakini usikae sana.

Fundi viatu


Jumamosi, tarehe kumi na moja, mwezi wa nne

Kifungo, mjukuu wangu,

Leo sikugombezi.

Habari ya saa nimeielewa. Fundi aliwasha taa akasema ndiyo jua, akashika chungwa akasema ndiyo dunia, akalizungusha mpaka likanitia kizunguzungu. Nikamnyang'anya nikalila. Lakini jambo moja wewe na yeye hamjanijibu. Siku ulipoondoka, yule msichana alikusogezea saa mbele. Sasa hayo masaa mawili yalikwenda wapi? Fundi anasema hayaendi popote, ni hesabu tu. Fundi ana akili ya soli. Mimi nimekata vitambaa maisha yangu yote, sijaona mkasi unaokata kitambaa halafu kipande kikayeyuka. Kikikatwa huku, kipo kule. Wewe uliondoka hapa na siku iliyopungua, na kipande chake kilidondokea hapa hapa mlangoni. Masaa yako mawili yapo kwangu, Kifungo. Na hayatumwi kwa mtu. Mwenyewe huja kuyachukua.

Sasa la pili. Fundi, shika kalamu vizuri.

Najua kwamba mtoto hayupo.

(Mimi sikusema, mwanangu. Naapa. Fundi.)

Hakusema. Na ile risiti yake ya ngozi hata mbuzi angeitema. Umeniambia mwenyewe. Mara tatu nimekuuliza kipimo. Mama anayengoja mtoto humwulizi kipimo mara tatu. Anakupa kabla hujauliza, anakupa na rangi ya neti, anakusimulia jinsi seremala alivyoleta kitanda kikiwa na mguu mmoja mfupi, na vita waliyopigana mpaka akautengeneza. Wewe umenijibu habari za shuka.

Nimeshona magodoro ya watoto tangu nywele hizi zikiwa nyeusi. Wengi walikuja kuyachukua wakicheka. Wengine hawakuja. Walikuwa wakipita mbele ya mlango wangu wakitazama upande wa pili wa njia, wanaharakisha, kana kwamba mimi nitatoka nje niwadai mtoto. Sikutoka. Nilirudisha pamba kwenye gunia, na siku nyingine nikikutana nao nawauliza habari za mvua. Ule mwendo naujua. Na wewe ndivyo unavyopita mbele yangu miezi mitatu sasa, uso umegeuza. Uko huko ng'ambo, lakini mwendo wako nauona.

Godoro nililimaliza nikijua. Usiniulize kwa nini. Mikono ilitaka pa kwenda.

Sikuulizi ilikuwaje. Ukitaka utasema, hutaki utanyamaza, nitakaa nawe vilevile. Mama yako alikuweka mikononi mwangu una siku chache, mwekundu, umekunja ngumi, huna hata jina. Sikukuuliza kitu. Nilikufunika.

Najua pia unachojiuliza huko: nitakwenda na nini. Ni kosa la ulimi wangu. Nilikulea na methali ile, mkono mtupu haulambwi, nikikurushia kila uliporudi dukani umesahau chumvi. Na ulisahau chumvi kila siku ya Mungu, mtoto wewe. Basi leo nakuambia, waliotunga maneno hayo hawakuwa na wajukuu. Njoo na mkono mtupu. Nitaulamba mchana kweupe, na Fundi awe shahidi.

(Nitakuwepo. Fundi.)

Bibi yako.
Dole gumba. Hilo doa pembeni si langu, ni la Fundi. Amelia kwenye karatasi ya watu.


Jumatano, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa nne

Bibi,

Shikamoo.

Mwana wa Mkunga aliniletea barua kazini, nikaifungua palepale penye mashine, nikidhani ni matusi ya kunichekesha. Mwenzangu wa upande wa pili alikuwa ameshika pembe zake mbili za shuka. Alingoja. Hakuniuliza kitu, hakuziachia, alisimama tu mpaka nilipomaliza, halafu tukakunja.

Ni kweli, Bibi. Hayupo. Mengine nitakuambia nikifika, ama sitasema, kama ulivyosema.

Nilishawahi kufika uwanjani mwezi wa pili, nikaishia kaunta, nikarudi nyumbani. Dada mmoja aliniuliza mimba ni ya miezi mingapi. Mwulize Fundi, ile risiti yake ilikuwa imeandikwa hayo. Sasa nimekata tiketi nyingine, ni ya Alhamisi ya wiki ijayo. Mume wako amesema atanisindikiza mpaka pale watakapomzuia. Masaa mawili na nusu ya angani siyaogopi. Naogopa zile hatua za kutoka mlangoni mpaka kwa yule dada.

Nikishindwa tena usinicheke.

Kifungo wako


Jumanne, tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano

Kifungo,

Umeondoka jana na leo nimeshaanza kukasirika.

Fundi anasema nianze na asante. Haya, asante. Asante kwa kuja, asante kwa kunipaka goti mafuta ukilisema vibaya, asante kwa kumnyamazisha Mkunga alipotaka kutupa mawaidha. Kikombe chako sijakiosha. Nitakiosha nikitaka.

Nakaa hapa nafikiri juu ya yule dada wa kaunta. Ulivyonisimulia, alikuwa ni yule yule, akakutazama. Na kabla hajauliza ukamwambia mwenyewe, "Sina mimba. Niliyokuwa nayo ilitoka. Naenda kwa bibi yangu." Na yeye akaacha kuandika, akasema, "Pole, dada. Ngoja nikupe kiti cha dirishani." Mwambie mwana wa Mkunga amtafute amsalimie. Nitamshonea mto. Mtu wa namna hiyo asilalie mto wa dukani.

Halafu teke. Nilikuwa nimeketi kitandani na sindano mdomoni, nikasikia mlango umepigwa teke, nikasema moyoni, amebeba vitu. Umeingia, mikono miwili mitupu, inaning'inia. Sasa mlango uliupigia teke nini, mtoto wewe, na mikono unayo? Ukasimama. Ukaninyooshea mmoja. Nikaulamba. "Bibi, jamani!" ukapiga yowe, na Fundi akageuka kutazama ukuta kama ukuta una picha.

Chumvi tupu. Ulikuwa umefuta macho kwa mkono ule njia nzima. Nikasema kimoyomoyo, afadhali, safari hii chumvi hakuisahau.

Saa yako nilikurudishia nyuma mwenyewe, na vidole vyangu hivi vinene, mara moja, mara mbili, Fundi akihesabu kama anapima soli. Na hayo masaa mawili tuliyakaa, mimi na wewe, mlango umefungwa. Hakuna aliyetutafuta, maana hayakuwa ya siku ya mtu mwingine yeyote. Uliyoniambia humo ndani sitamtajia Fundi ayaandike. Yapo nilipoyaweka.

Nilifurahi ulipolishusha godoro wewe mwenyewe. Mimi nisingekuambia. Ulipochukua kisu nikajua utakata vibaya, na kweli ulikata vibaya, nilikufundisha kufumua kwa kufuata uzi na bado unachana kama fisi. Lakini pamba ilitoka yote. Nyeupe, haina mbegu hata moja. Uliishika shavuni muda mrefu. Halafu ukasema tutie kwenye mto, tukatia, ukashona mdomo wake kwa mkono wako. Mshono wa hovyo. Usiufumue.

Vifungo umechukua vinne. Viwili vimebaki. Kimoja kipo kwenye kanga yangu, nimekifunga pembeni. Cha pili Fundi amekishona ndani ya kiatu chake cha kushoto, anafikiri sikumwona. (Nilifikiri hivyo. Fundi.)

Jana mchana nilikaa mlangoni nikakufuata kwa mawazo. Hapa anafunga mkanda. Hapa anakataa soda kwa sababu anaogopa atalipishwa. Hapa mto uko mapajani. Na nikajua, mahali fulani huko juu umeshika mshale wa saa yako ukausogeza mbele, mara moja, mara mbili. Basi umeniachia mengine. Masaa mawili mapya, nimeyapandisha juu ya kabati, palipokuwa na godoro. Pamekuwa peupe sana pale, nimefurahi kupata cha kuweka.

Kwa hiyo sikiliza, na usijifanye hukusikia. Ukija tena, saa yako usiiguse ndani ya ndege. Msichana wa kiti cha jirani akitaka kukusaidia, mwambie hapana asante, hiyo ina mwenyewe. Teremka nayo ikiwa bado inasoma saa za huko kwenu, watu wakikuambia umekosea wakati waache waseme. Piga mlango teke, ingia, ninyooshee mkono.

Bibi yako.
Dole gumba.